Nyumba ya Ibada Chini ya Mlima Rungwe

Mtu atokaye Mbeya kwenda Tukuyu huvuka kwanza baridi ya milima ya Uporoto, kisha barabara huanza kuteremka na nchi hubadilika mbele ya macho yake. Migomba husimama pande zote, chai hutandaza ubichi wake juu ya vilima, na mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, huinua kichwa chake mawinguni. Katika ubichi huo huonekana hapa na pale paa refu kuliko paa za majirani zake, na kuta za matofali, na kengele. Hilo ni kanisa. Mpita njia hulitazama mara moja akaenda zake, kwa kuwa macho yetu yamezoea kudhani kuwa jengo la ibada ni kitu kilicholetwa kutoka ng'ambo kikiwa kimekwisha kamilika, kama vile bati au saa ya mfukoni.

Insha hii inakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Makanisa ya kwanza ya wilaya ya Rungwe yalikuwa na walimu watatu. Mwalimu wa kwanza alikuwa mapokeo ya Ukristo wenyewe, yaliyosafiri karne nyingi kabla ya kufika hapa. Wa pili alikuwa nchi yenyewe, yenye mvua nyingi, udongo wa volkano na ardhi itetemekayo. Wa tatu alikuwa Mnyakyusa, ambaye kabla ya kumwona mgeni yeyote alikuwa mjenzi hodari, na alikuwa na mila zilizokwisha amua nani akae wapi, na nani asionane na nani. Asiyewajua walimu hawa watatu ataziona kuta tu, lakini hatazisoma.

Na tuanze na mwalimu wa kwanza. Wakristo wa karne za mwanzo hawakuwa na makanisa. Walikutana katika nyumba za watu. Katika mji wa Dura-Europos, kando ya mto Frati katika nchi ya Shamu, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua katika karne ya 20 nyumba moja ya kawaida iliyogeuzwa kuwa mahali pa ibada kabla ya mwaka 256. Nyumba yenyewe ilikuwa na ua katikati na vyumba kuuzunguka. Waumini walibomoa ukuta uliotenga vyumba viwili ili wapate ukumbi mmoja, na chumba kingine wakakifanya pa kubatizia, wakakipamba kwa picha ukutani. Kwa nje nyumba ilibaki nyumba. Jambo hili halifai kusahauliwa, maana lafundisha kuwa kanisa lilianza kama makao ya jamaa, si kama jumba la fahari.

Mambo yalibadilika katika karne ya 4, mfalme Konstantino alipoipa dini hiyo uhuru na mali. Watu waliongezeka, na nyumba za watu hazikutosha tena. Wajenzi hawakuiga mahekalu ya miungu ya Kirumi, kwani hekalu lilikuwa chumba cha sanamu na makuhani, na umati ulisimama nje. Waliiga basilika, yaani ukumbi mrefu wa baraza na mahakama, ambamo watu wengi waliweza kuingia na kusikiliza. Hivyo likapatikana umbo ambalo mpaka leo mtu akilitaja kanisa hulifikiria: ukumbi mrefu wa katikati, njia za pembeni zilizotengwa kwa safu za nguzo, na mwishoni tundu la nusu duara lililo mfano wa mihrabu ya msikiti, alipokaa zamani hakimu na sasa akakaa askofu. Mbele ya mlango palikuwa na ukumbi mdogo. Huko, au karibu na mlango, walisimama wanafunzi wa dini ambao hawajabatizwa, na ilipofika saa ya meza ya Bwana waliambiwa watoke. Jengo lilikuwa hesabu ya imani: kila hatua kutoka mlangoni kwenda mbele ilikuwa na daraja lake.

Wala Afrika haikungoja karne ya 19 ndipo iyajue majengo ya namna hiyo. Aksum ilikuwa dola ya Kikristo tangu karne ya 4, katika zama za mfalme Ezana. Nubia ilikuwa na makanisa yenye picha za ukutani ambazo wataalamu wa Poland, wakiongozwa na Kazimierz Michałowski, waliziokoa kule Faras katika miaka ya 1961 hadi 1964, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajaufunika mji. Huko Lalibela, katika milima ya Uhabeshi, makanisa 11 yalichongwa katika mwamba mzima, wajenzi wakitoa jiwe badala ya kuongeza jiwe. Na kwetu pwani, askofu Edward Steere alianza mwaka 1873 kujenga kanisa la Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambavyo ndivyo vitu vya mwashi wa pwani tangu kale. Kila mahali imani ilipofika, mwashi wa mahali hapo aliulizwa, naye alijibu kwa kitu alichokuwa nacho.

Sasa na tuje Rungwe. Mwaka 1891 zilifika katika nchi hii jamii mbili za wamisionari wa Kijerumani, zote kwa njia ya mto Zambezi, mto Shire na ziwa Nyasa. Ya kwanza ilikuwa ya Wamoravian waliotumwa kutoka Herrnhut katika Saxony: Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner. Martin alifariki mwaka huo huo kwa homa, na wenzake wakaweka kituo chao cha kwanza penye miguu ya mlima Rungwe. Ya pili ilikuwa ya misioni ya Berlin, iliyoongozwa na Alexander Merensky, ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi miaka mingi Afrika ya Kusini. Hawa walijenga Wangemannshöhe mwaka 1891, Manow mwaka 1892, kisha Mwakaleli na Ikombe mwaka 1893. Jamii hizo mbili ziligawana nchi kwa mapatano, Wamoravian wakashika upande wa magharibi, na watu wa Berlin upande wa mashariki kuelekea milima ya Livingstone. Wamoravian wakaongeza Rutenganio mwaka 1894 na vituo vingine baada yake.

Wageni hao hawakukuta nchi isiyojua kujenga. Miaka kumi na zaidi kabla yao, mnamo 1879, msafiri Joseph Thomson alipita katika nchi hii naye akastaajabia usafi wa vijiji, viwanja vilivyofagiwa chini ya migomba, na ufundi wa nyumba. Mnyakyusa alijenga kwa mianzi, ambayo nchi hii imejaliwa kwa wingi. Aliisimamisha mianzi karibu karibu, akaifunga kwa ustadi, kisha akaikandika udongo. Ziko nyumba za duara ambazo kuta zake ziliegemea nje kidogo kama kikapu kinachofunguka, na katikati ya mianzi ukawekwa udongo uliofinyangwa kwa mkono vipande vipande na kupambwa kwa rangi. Ziko pia nyumba ndefu za pembe nne, ambamo watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Paa lilikuwa la nyasi, lenye mteremko mkali, kwa sababu paa lisiloteremka sana huoza upesi katika nchi inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

Zaidi ya hayo, nyumba kwa Mnyakyusa haikuwa kitu cha kudumu. Monica Wilson, aliyeishi na kuchunguza hapa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1934 hadi 1938, ameeleza kwa kirefu jinsi vijana wa rika moja walivyotoka katika nyumba za baba zao na kujijengea kijiji chao pembeni, wakianza na vibanda vya kitoto, kisha nyumba za watu wazima. Kila kizazi kilikuwa na sherehe ya kutokezwa, ambapo madaraka yalipita kutoka kwa baba kwenda kwa wana. Basi nyumba ilizaliwa, ikatumika, ikachakaa, ikafuatwa na nyingine, kama mwenyewe. Kilichodumu kilikuwa miti. Malafyale alipokufa, mahali pa kaburi lake palipandwa miti, na miti hiyo ikawa msitu wa matambiko usioguswa kwa shoka. Msitu wa Lubaga, ulio mahali pa Lwembe, ulijulikana hata ng'ambo ya mito na milima. Kwa hiyo mtu wa nchi hii aliyeulizwa mahali patakatifu pako wapi, alionyesha kichaka cha miti, asionyeshe nyumba.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Wamisionari walikuja na neno lililowashangaza wenyeji, nalo ni kwamba Mungu, waliyemwita kwa jina la Kyala lililokuwa tayari katika lugha, aabudiwe ndani ya nyumba, na nyumba hiyo isimame vizazi na vizazi. Mnyakyusa alijua msitu unaodumu na nyumba inayopita. Sasa aliambiwa mambo yageuke: nyumba idumu, na msitu upite.

Walakini mwanzo haukuwa hivyo. Nyumba za kwanza za wamisionari na mahali pa kwanza pa kuhubiri palijengwa kwa vitu vile vile vya wenyeji: mianzi, udongo na nyasi. Mtu asidhani kuwa hizo zilikuwa aibu ya siku za mwanzo, iliyofutwa matofali yalipokuja. Kwa maoni yangu, hizo ndizo zilizofanana zaidi na makanisa ya Wakristo wa kwanza. Kama kule Dura-Europos, ibada ilikaa ndani ya umbo la nyumba ya mahali hapo, na jirani aliyepita nje aliona nyumba tu. Mfanano upo hata katika watu waliokaa ndani. Kituo cha Rungwe kilianzishwa mwaka 1891, na Mnyakyusa wa kwanza kubatizwa na Wamoravian, mwanamke aitwaye Fiabarema, alibatizwa mwaka 1897. Kwa miaka sita, basi, ukumbi wa ibada ulikuwa wa wasikilizaji. Kanisa zima lilikuwa kama ule ukumbi mdogo wa mlangoni wa basilika, mahali pa wale wanaosikia nao hawajaingia. Tena yafaa kukumbuka kuwa aliyetangulia kuvuka kizingiti alikuwa mwanamke.

Majengo ya kudumu yalipoanza, mapokeo mawili yalikutana katika wilaya moja, nayo hayakuwa sawa. Walutheri wa Berlin walikuwa warithi wa basilika. Kwa desturi yao kanisa ni refu, mlango uko upande mmoja na madhabahu upande wa pili, mimbari imeinuliwa, na kengele hutafutiwa mnara ikiwezekana. Macho ya mtu aingiaye huvutwa mbele. Wamoravian walikuwa na desturi nyingine. Mji wa Herrnhut, ulioanzishwa mwaka 1722 katika shamba la mwungwana Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, haukuwa na kanisa katikati yake kwa maana ya kawaida, ila ulikuwa na ukumbi mkubwa, mweupe ndani, wenye madirisha marefu ya kioo kitupu. Hapakuwa na madhabahu, palikuwa na meza. Na meza hiyo iliwekwa katikati ya ukuta mrefu badala ya mwishoni, ili watu wakae kwa upana, wawe karibu na msomaji na karibu wao kwa wao. Mabenchi yalikuwa meupe na sawasawa, bila kiti cha mkubwa. Ndugu wa kiume walikaa upande mmoja, ndugu wa kike upande wa pili, na kila upande ulikuwa na mlango wake.

Jambo hilo la milango miwili lataka tulitazame kwa makini, kwa maana hapo ndipo mila mbili zilipokutana bila kuitana. Katika mila ya Wanyakyusa, mke wa kijana hana ruhusa kumkaribia baba mkwe wake. Hamtazami, hatamki jina lake, na akimwona njiani hupisha na kujificha. Wilson ameonyesha kuwa katazo hili lina nguvu sana, hata kwamba ni moja ya sababu za vijana kujenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Sasa fikiri, msomaji, taabu ya kuwakusanya watu hao chini ya paa moja. Katika msitu wa matambiko walikwenda wachache, na wanaume peke yao. Katika kanisa waliitwa wote: baba, mwana, na mke wa mwana. Ukumbi ambao wanaume na wanawake walitengwa kwa pande mbili, wakaingia kwa milango miwili, haukuliondoa katazo, lakini ulilipunguzia makali. Mkwe na mke wa mwanawe waliweza kusikia neno moja kwa saa moja pasipo kupishana mlangoni. Herrnhut walitenga pande hizo kwa sababu zao wenyewe, za adabu na za malezi ya makundi. Mnyakyusa alizipokea kwa sababu yake. Tofali lilikuwa lile lile, lakini maana yake ilikuwa mbili.

Kadhalika makaburi. Wamoravian huzika katika uwanja wanaouita shamba la Mungu, na kila kaburi hufunikwa kwa jiwe la kulala, dogo, lisilozidi la jirani, awe marehemu tajiri au maskini. Katika nchi ambayo kaburi la malafyale lilikuwa msitu na kaburi la mtu wa kawaida lilikuwa karibu na mlango wa nyumba yake, usawa huo wa mawe ulikuwa hotuba kubwa kuliko hotuba nyingi za mimbarini.

Sasa tumsikilize mwalimu wa pili, yaani nchi. Kwa nini matofali ya kuchoma? Jibu liko katika mvua. Tofali bichi lililokaushwa kwa jua, ambalo hufaa sana Dodoma au Singida, huyeyuka hapa kama sukari katika chai. Tofali ni lazima lipite katika moto. Kazi yake yajulikana na kila mzee wa vijijini: udongo huchimbwa, hutiwa maji, hukanyagwa kwa miguu mpaka uwe laini, hutiwa katika kalibu ya mbao, huanikwa chini ya kivuli usipasuke, kisha hupangwa kuwa tanuri na kuchomwa kwa kuni siku kadhaa. Ufundi wa kuuingiza udongo motoni haukuwa mgeni katika eneo hili. Wakisi wa pwani ya ziwa Nyasa, karibu na Ikombe na Matema, wanawake wao wamekuwa wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao vilibadilishwa kwa chakula cha watu wa milimani tangu kale. Kilichokuwa kigeni ni umbo la pembe nne, uzi wa timazi, na wazo la kuufanya udongo uliochomwa kuwa ukuta.

Upana wa ukumbi nao uliamuliwa na mti. Ukuta mmoja na mwingine hauwezi kuachana kuliko urefu wa boriti ipitayo juu yao, ila mjenzi aweke nguzo katikati au aunde kenchi. Basilika ya Kirumi ilitatua shida hii kwa safu za nguzo, na ndipo zikapatikana njia za pembeni. Seremala mwenye msumeno mzuri na mbao za msituni aliweza kuunda kenchi za pembe tatu, akaufunika ukumbi mpana pasipo nguzo, na watu wote wakamwona msomaji. Mara nyingi, basi, ukosefu wa nguzo katika kanisa la shamba si dalili ya umaskini. Ni dalili ya kenchi.

Juu ya milango na madirisha ya majengo ya namna hii huonekana tao. Wengi hulihesabu kuwa pambo. Lakini tofali lina nguvu likikandamizwa, wala halina nguvu likivutwa, na mwashi asiye na chuma wala ubao mnene wa kuweka juu ya dirisha hana njia nyingine ila kupanga matofali yake yaegemeane. Wilaya hii yenyewe ina somo la tao lililo wazi kwa kila mtu: juu ya mto Kiwira liko lile Daraja la Mungu, mwamba wa volkano uliojikunja kutoka ukingo mpaka ukingo, nao umebeba uzito wake bila boriti.

Paa la nyasi lilifuatwa na la bati. Bati lilishinda moto na kuoza, likaondoa kazi ya kuezeka upya, lakini lilikuja na taabu yake. Yeyote aliyewahi kusali Tukuyu katika mwezi wa Aprili ajua kuwa mvua ikishuka juu ya bati, mhubiri hunyamaza au hupiga kelele bure. Nyasi zilinyamazisha mvua. Tulipata paa la kudumu, tukapoteza sauti ya msemaji.

Liko somo zito kuliko hilo. Nchi ya Rungwe imekaa juu ya ufa mkubwa wa ardhi. Kyejo, jirani wa Rungwe, ilitoa moto mnamo mwaka 1800, na ardhi haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 ulitokea katika nchi ya Rukwa mmoja wa mitetemeko mikubwa kuliko yote iliyopimwa katika Afrika ya Mashariki. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliita Neu-Langenburg walipouhamishia makao ya serikali kutoka pwani ya ziwa, ilipata hasara ya mitetemeko katika 1910 na tena katika 1919. Ukuta mnene wa matofali ni mzito, nao haupindi, kwa hiyo ardhi ikiyumba hupasuka. Nyumba ya mianzi ni nyepesi na imefungwa kwa kamba: huyumba pamoja na ardhi, kisha husimama. Nyumba iliyoitwa ya muda ilikuwa na hekima ambayo nyumba ya kudumu haikuwa nayo. Hili silisemi kwa kudharau tofali. Nalisema kwa sababu wanafunzi wetu wa ujenzi wangali wanafundishwa kana kwamba historia ya jengo ni safari ya njia moja, kutoka ujinga wa mianzi kwenda maarifa ya saruji.

Haifai pia kuficha upande wa pili wa jengo. Kituo cha misioni kilikuwa mahali pa utawala. Waliohamia katika ardhi yake waliishi chini ya sheria zake, na mmisionari aliwakalia kama chifu: aliamua mashauri, alitoa kazi, alifukuza. Kanisa kubwa juu ya kilima lilisema habari za Mungu, nalo pia lilisema nani mwenye mji. Kengele iliwaita watu katika ibada na katika kazi kwa sauti ile ile. Mwanahistoria asiyeyasikia yote mawili hajaisikia kengele.

Kwa hiyo yafaa kuuliza, makanisa haya yalikuwa ya nani? Swali hili lilijibiwa na vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Neu-Langenburg, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Misioni ya Livingstonia ya Waskoti, kutoka ng'ambo ya mto Songwe, ilikabidhiwa usimamizi, lakini ilikuwa na watu wachache na nchi ilikuwa pana. Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920, kisha vita vya pili vikawaondoa tena. Miaka hiyo yote nani alifungua mlango siku ya Jumapili? Nani aliziba bati lililotoboka na kurudisha tofali lililoanguka? Ni walimu wa dini na wazee wa kanisa, Wanyakyusa na jirani zao. Jengo lililokuwa la mgeni likawa la mwenyeji kwa matengenezo. Hati ya kumiliki iliandikwa kwa mwiko na ngazi.

Sababu ya kuyaeleza haya si kupenda mambo ya kale tu. Makanisa ya shambani yanajaa. Watoto wa waumini wameongezeka kuliko kuta za babu zao, na kila usharika uliobanwa hukabiliwa na shauri moja: tupanue, au tubomoe tujenge kubwa? Saruji iko dukani, na jengo la zamani lina nyufa. Wanaotaka kubomoa hawana ubaya. Wana haki ya kusema kuwa kanisa ni watu, wala si matofali, nao wakisema hivyo wanasema yale yale waliyoyajua Wakristo wa Dura-Europos. Wala hawavunji sheria. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyahifadhi yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo lililosimama baada ya hapo halina ulinzi mpaka waziri mhusika alitangaze. Misioni ya kwanza ya Rungwe ilianza miaka 28 baada ya mpaka huo. Mbele ya sheria, basi, ukuta uliojengwa na baba wa babu yetu ni sawa na ukuta wa jana.

Kwingineko watu wameanza kufikiri vingine. Christiansfeld, mji wa Wamoravian katika Denmark, uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015, na mwaka 2024 ukaunganishwa na Herrnhut ya Ujerumani, Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini. Kilichothaminiwa huko ni zile kumbi nyeupe zisizo na fahari, na yale makaburi ya mawe yaliyo sawa. Katika hiyo minne hamna mji wa Afrika, ingawa Tanzania ni moja ya nchi zenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani. Sidai kuwa kila kanisa la zamani la Rungwe liingie katika orodha ya namna hiyo. Nasema tu kwamba ikiwa ukumbi wa Herrnhut wastahili kupimwa na kuandikwa, ndugu yake aliyezaliwa chini ya mlima Rungwe, aliyejifunza mvua na tetemeko na heshima ya mkwe, anastahili pia.

Nami nina ombi moja kwa wanafunzi wasomao ukurasa huu. Likizo ijayo, atakayekwenda kwao Mwakaleli, au Manow, au Rutenganio, achukue kamba ya kupimia na daftari. Apime urefu na upana wa kanisa la zamani. Ahesabu milango, aulize ni nani aliingia kwa upi. Aandike unene wa ukuta, umbo la tao, na mbao za kenchi ni za mti gani. Kisha amtafute mzee mmoja amwulize: ni nani waliokanyaga udongo huu, na tanuri lilikuwa wapi? Majina ya wamisionari yamehifadhiwa katika vitabu vya Herrnhut na Berlin. Majina ya waashi, maseremala na wachukuzi wa matofali yamehifadhiwa katika vichwa vya wazee wachache, na mzee akifa hazikwi peke yake.

Huenda baada ya hapo usharika ukabomoa, huenda ukahifadhi. Shauri ni lao, kama lilivyokuwa shauri la kila kizazi cha Wanyakyusa kujenga kijiji chake. Lakini kijana wa zamani aliyetoka kwa baba yake kwenda kujenga alijua nyumba ya baba ilivyofungwa, mwanzi kwa mwanzi. Sisi tusibomoe kile ambacho hatujakisoma.